WiFi Haifiki Chumba cha Nyuma

Kila Jumapili saa tisa alasiri, ambayo kipindi hiki cha baridi huko Tanga ni saa kumi na mbili jioni, mama hukaa barazani kwenye kiti cha plastiki, kaka yangu huinua simu, na mimi hutazama mguu. Mama ana kisukari, mwaka wa kumi na moja huu. Alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachubuka, na mchubuko ukageuka kidonda. Watoto wake wengine wako karibu naye, wanamfungia bandeji. Mimi ndiye nesi, na niko London. Kwa hiyo kazi yangu ni kutazama.

Kwa wiki tatu nilitazama ukungu. Picha inaganda, uso wa mama unakatika vipande vya mraba, mguu unakuwa doa la kahawia na sauti inakuja nusu nusu. Nilimlaumu kaka. Nilimwambia anunue bando kubwa, asogee karibu na mlango, abadilishe laini. Masikini alibadilisha laini mara mbili na kila mara aliniuliza, "Sasa je, dada?" Sasa bado, nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya upole.

Jumapili ya nne simu ilinikuta sebuleni nakunja nguo za watoto. Kwa kawaida hupanda chumbani, nafunga mlango, nakaa kitandani, maana ndipo penye utulivu. Siku hiyo nilipokea pale pale nilipokuwa. Picha ikaja safi. Nikaona ukingo wa kidonda una weusi wa ukubwa wa punje ya mahindi, na ngozi ya juu ya unyayo imevimba na kung'aa. Nilimwambia kaka asingoje kesho, ampeleke mama Bombo usiku huo huo. Walienda. Kidonda kilisafishwa, dawa zikaanza, na kidole kipo hadi leo.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Simu ilikuwa ile ile, bando lile lile, kaka yule yule, baraza ile ile. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba mimi sikupanda ngazi. Ukungu wa wiki tatu ulikuwa wa nyumbani kwangu. Programu za simu za video hupunguza ubora wa picha ili mazungumzo yasikatike, na hufuata upande ulio dhaifu. Upande dhaifu ulikuwa chumba changu cha kulala. Nilimpigia kaka kumwomba radhi. Akacheka, akasema zile laini mbili za zamani bado zina salio, nimtumie hela ya ya tatu.

Safu hii huongea zaidi juu ya afya na malezi. Leo ni waya. Najua wengi mnaishi kwenye nyumba kama yangu, na wengi mmeshanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachoahidi WiFi nyumba nzima.

Nilianza kama ninavyoanza wodini, na vipimo. Nilichomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, nikafungua tovuti ya kupima kasi. Ikaja megabiti 67 kwa sekunde za kushusha na 17 za kupandisha. Nikachomoa waya, nikasimama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta: 61. Chini ya ngazi: 40. Juu ya ngazi: 19. Chumbani, kitandani, pale pale ninapokaa kuongea na mama: 3, na mara nyingine kipimo kiligoma kumaliza. Namba zote niliziandika nyuma ya bahasha ya kodi ya halmashauri.

Kile kipimo cha waya ndicho watu wanachokiruka, na ndicho cha maana kuliko vyote. Kama waya wenyewe unakupa 8 na wewe unalipia 67, weka pochi chini. Hakuna kifaa cha dukani kitakachoongeza kasi ambayo haijaingia ndani ya nyumba. Hapo unapigia kampuni inayokuuzia intaneti. Kampuni kubwa nyingi za hapa zimetia saini kanuni ya hiari ya Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano: unapojiunga wakutajie kasi ya chini wanayokuhakikishia, ikishuka chini ya hapo wana siku 30 za kurekebisha, na wakishindwa unaruhusiwa kuvunja mkataba bila faini. Lakini kasi hiyo huhesabiwa hadi kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta hadi kitandani ni juu yako.

Simu ya video haitaki mambo makubwa. Megabiti mbili tatu zinazotulia zinatosha kabisa. Zangu hazikutulia, zilikuwa zinakuja na kuondoka kama umeme wa miaka ile.

Nyumba yetu ni zile za safu, zilizoshikana kama mabehewa, za enzi ya Malkia Victoria. Waliozijenga walipenda matofali. Kila chumba kina dohani yake iliyozibwa, kuta za kati ni nene, na vyumba vya nyuma juu ya jikoni viko ng'ambo ya ukuta ambao zamani ulikuwa ukuta wa nje. Ruta yetu iko mbele kabisa, chini ya dirisha la sebule, kwa sababu ndipo waya wa simu unapoingilia. Mawimbi yakitaka kufika chumbani kwangu yanavuka ukuta wa sebule, dohani, dari na ule ukuta wa nje. Aliyekulia Mji Mkongwe na kuta zake za mawe ya matumbawe anaelewa bila kuelezwa. Walio kwenye fleti mpya msicheke: kuta zenu ni nyepesi, lakini mara nyingi ndani yake kuna vibao vya kuzuia baridi vilivyofunikwa karatasi ya bati, na bati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kioo chenyewe kadhalika, na friji, na tenki la maji.

Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na yamesongamana, kwa sababu hapo hapo ndipo zilipo maikrowevu, spika za Bluetooth na ruta za mtaa mzima. Hapa Uingereza yana nafasi 13, lakini zinapandana, na zile zinazoweza kukaa bila kugusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Nilipohesabu kwa programu ya simu, kutoka kitandani kwangu niliona mitandao 31. Mitandao 31 inagombea nafasi tatu! Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi tele, ila tofali huyachosha haraka.

Jaribio la kwanza halikunigharimu hata peni. Ruta ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni, kwa aibu ya kuficha nyaya. Niliitoa nikaiweka juu ya kabati la vitabu. Chumbani ikapanda kutoka 3 hadi 7. Ukitaka kuisogeza mbali zaidi, usirefushe ule waya mwembamba wa simu unaotoka ukutani, maana kila mita mbovu inakula kasi.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani nusu ya wasomaji wangu wamelifanya. Nilinunua ripita kwa pauni 25 na nikaichomeka chumbani kwangu, pale penye shida. Simu ikaonyesha mistari yote ya WiFi imejaa. Nilifurahi kwa dakika tano. Kasi ilikuwa 3.

Ripita haitengenezi intaneti. Inasikia ruta inasema nini, halafu inarudia kwa sauti yake. Ukiiweka mahali ambapo haisikii vizuri, itarudia kwa sauti kubwa kile kile ilichosikia vibaya. Ile mistari iliyojaa kwenye simu inakuonyesha ukaribu wako na ripita tu, haikwambii kitu juu ya ripita na ruta. Nyingi za bei nafuu zina tatizo la pili: zinasikiliza na kusema kwa redio moja, haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu hata zikiwekwa mahali pazuri. Nilipoihamishia juu ya ngazi, katikati ya safari, ambapo ilikuwa inapata 19 zake, chumbani nikapata 9. Tisa si haba. Kwa mtu anayeishi vyumba viwili na anataka simu moja ya video, ningemwambia aishie hapo.

Mimi sikuweza kuishia hapo kwa sababu tuko wengi. Watoto wana kazi za shule za mtandaoni, mume wangu anatazama mpira, na tuna binti wa nyumbani kwetu amepanga chumba kidogo, anasoma unesi mwaka wa pili, mihadhara yake mingine iko kwenye laptopu. Jioni moja ya Jumatano wote wakiwa hewani, zile 9 zikarudi kuwa 2.

Kuna hizi seti za meshi, visanduku viwili vitatu vinavyofanana na mitungi ya maua. Ni ripita zilizokwenda shule: zinaelewana, simu yako inahama kutoka kimoja hadi kingine bila wewe kujua, na zile za gharama zina redio ya ziada kwa mazungumzo yao wenyewe. Nzuri. Lakini seti nzuri inavuka pauni 100, na zikiongea kwa hewa tu bado dohani iko pale pale. Zinafanya kazi yake hasa ukiziunganisha kwa waya, na ukishafikia kutandika waya kuna njia ya bei ya chipsi.

Kuna pia adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Unachomeka moja karibu na ruta na nyingine chumbani, na ukuta wenyewe unakuwa barabara. Niliazima za jirani. Zilinipa 28 asubuhi, na mashine ya kufulia ilipoanza kuzunguka zikashuka hadi 11. Ukizijaribu, chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni, hasa ile yenye kinga ya umeme wa ghafla, kwa sababu kinga hiyo huchuja na intaneti pamoja. Katika nyumba iliyoongezwa vyumba, soketi za sehemu mpya zinaweza kuwa kwenye mzunguko mwingine wa umeme, na kasi ikafa njiani. Kwa wapangaji ambao mwenye nyumba hataki kuona hata msumari, hizi ndizo mkombozi. Ukikuta duka linalokubali kurudishiwa bidhaa, nunua hapo.

Mwishowe nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: waya. Mita 20 za waya bapa wa Ethaneti, pauni 14. Waya wa daraja la Cat5e au Cat6 unabeba gigabiti moja hadi mita 100, kwa hiyo nyumba zetu hizi haziutishi. Nilimwandikia mwenye nyumba kwanza, nikamweleza hakuna kutoboa. Akajibu kwa neno moja, sawa. Waya ukatoka nyuma ya ruta, ukafuata ubao wa chini ya ukuta, ukaingia kwenye upenyo kati ya zulia na ukuta, ukapanda ngazi kwa upande wa ukutani, ukapita chini ya mlango. Kila hatua tatu niliweka kibanio. Hapa naomba mnisikilize kama nesi: waya usikatize ngazi, na usilale katikati ya korido. Nimewahudumia wazee wengi waliovunjika nyonga kwa sababu ya vitu vidogo kuliko waya.

Mwisho wa waya unahitaji aksesi pointi, yaani kisanduku kinachopokea intaneti kwa waya na kuirusha hewani upya, fresh, bila kurudia cha mtu. Zinauzwa kwa pauni 30 hivi na kuendelea. Mimi sikununua. Kabatini kulikuwa na ruta ya kampuni tuliyoihama, imekaa miaka miwili kwenye mfuko wa plastiki. Wengi wenu mnayo moja. Ikiwa haijafungwa na kampuni iliyoitoa, inageuka aksesi pointi kwa nusu saa.

Nilivyofanya ni hivi. Kwanza nilibonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini mpaka ikasahau maisha yake ya zamani. Nikaiunganisha na laptopu peke yao, bila kugusa ruta ya chini. Nikafungua ukurasa wake wa mipangilio, nywila iko kwenye kibandiko cha chini. Ruta yetu kuu anwani yake ni 192.168.1.1, nikaipa hii ya zamani 192.168.1.2, ili zisigombanie jina. Yenu inaweza kuwa 192.168.0.1 au 192.168.1.254, mnachofanya ni kufananisha mafungu matatu ya kwanza na kutofautisha la mwisho, mkichagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta kuu hugawa.

Kisha nikazima DHCP. Hili ndilo linaloangusha watu. DHCP ni karani wa mapokezi anayempa kila kifaa namba yake kinapoingia. Zahanati moja haiwezi kuwa na makarani wawili wasiosemezana, kila mmoja na daftari lake: wagonjwa wawili watapewa namba moja, na wengine wataelekezwa mlango usio na daktari. Ruta ya chini ndiye karani, hii ya juu inyamaze. Baada ya hapo nikaipa jina la WiFi na nywila zile zile za chini, ulinzi wa WPA2, na nafasi tofauti: ya chini iko 1, hii nikaiweka 6. Mwisho nikachomeka ule waya kwenye moja ya matundu ya kawaida ya LAN, si lile la rangi nyingine la kuingizia intaneti. Ruta za miaka ya karibuni zina chaguo lililoandikwa kabisa la kuzifanya aksesi pointi, ukilibonyeza linakufanyia yote haya.

Nikapanda kitandani, nikapima. 64.

Kero moja ilibaki. Simu ni ving'ang'anizi. Ukiingia na simu iliyoshikana na ruta ya chini, inaweza kuendelea kuivuta ile dhaifu huku aksesi pointi iko mita mbili. Nilipunguza nguvu za mawimbi ya ruta ya chini kidogo, ikasaidia. Mume wangu yeye huzima WiFi ya simu na kuiwasha tena, anasema hana muda wa falsafa.

Kuna dada mmoja wa Mombasa anaishi Dagenham ambaye kisa chake kilinifundisha habari ya daraja. Kijana wake wa mitihani ya A-level amehamia kwenye kibanda cha bustanini, kizuri, kimewekewa vibao vya kuzuia baridi kila upande, na vibao hivyo vina bati. Ndani ya kibanda simu hazikusoma hata mtandao wa jirani. Ripita haikusaidia, ndani ya sanduku la bati ripita itasikia nini? Suluhisho la kwanza lilikuwa waya wa nje, ule mweusi unaovumilia mvua na jua, uzikwe. Lakini bustani nzima ilikuwa imeshawekwa saruji. Wakaweka daraja: visanduku viwili vinavyotazamana, kimoja kwenye dirisha la nyuma ghorofani na kingine ukutani nje ya kibanda, hakuna tawi wala ukuta katikati. Daraja halihudumii mtu yeyote njiani. Kazi yake ni kutoa mtandao ng'ambo hii na kuufikisha ng'ambo ile kwa mwale mwembamba, halafu waya mfupi unaingia kibandani na aksesi pointi inafanya kazi ndani. Hatua hii ya mwisho waliisahau mwanzoni, wakashangaa daraja limewaka taa zote na kijana hana WiFi.

Wazo la kufikisha intaneti kwa hewa mahali pasipo na waya si geni kwetu. Mwaka 2013, pande za Nanyuki, Kenya, mradi wa Mawingu ulianza kupeleka intaneti vijijini kwa kutumia nafasi za mawimbi ya televisheni zilizokuwa hazitumiki, mitambo ikiendeshwa na jua. Mawimbi yale ni ya chini zaidi kuliko ya WiFi, kwa hiyo yanakwenda mbali na yanavumilia miti.

Wanafunzi wa mabweni, msiende kuchomeka ruta yenu ukutani kabla hamjasoma masharti ya chuo. Mabweni mengi yanakataza, na sababu ni yule karani. Ruta iliyochomekwa vibaya itaanza kugawa namba kwa korido nzima, na saa sita usiku, kesho kuna kazi ya kukusanya, watu 40 hawana intaneti kwa ajili yako. Binti anayekaa kwetu anasema aliona hivyo mwaka wake wa kwanza, na aliyesababisha alikuwa anagonga milango pamoja na wenzake akiuliza nani kaharibu. Mlio kwenye nyumba za kuchangia, kabla ya kununua chochote kubalianeni ruta ikae wapi. Mara nyingi iko chumbani kwa mmoja, mlango umefungwa, na yeye ndiye asiyelalamika.

Neno kwa wanaotunza wazee majumbani, maana tuko wengi kwenye kazi hizo. Simu za mezani za Uingereza zinahamishwa kutoka kwenye nyaya za zamani kwenda kwenye intaneti, na mtandao wa zamani umepangiwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027. Nyumba zilizokwisha hamishwa, simu huchomekwa kwenye ruta, na vile vidude vya shingoni ambavyo mzee hubonyeza akianguka vinaweza kutegemea ruta hiyo hiyo. Ukiizima usiku ili kuokoa umeme, au ukiihamisha ili WiFi ifike jikoni, hakikisha kengele ya mzee bado inaita. Bonyeza, ngoja waitikie, waambie unajaribu.

Ukishamaliza yote haya, bado zitakuwepo Jumapili mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini siku moja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo hata ukikalia ruta hupati kitu. Njia yangu ya kutofautisha ni kumpigia video rafiki aliye hapa hapa London nikiwa chumbani: akionekana safi, tatizo liko ng'ambo, na naacha kugusa vifaa. Kwa mguu wa mama siku hizi siitegemei video peke yake. Kaka anapiga picha mchana kwenye mwanga wa baraza, ameweka rula pembeni ya kidonda, anaituma kwa ubora wa HD hata kama itachukua dakika tano kufika. Naweka ya wiki hii kando ya ya wiki iliyopita. Wiki sita sasa kidonda kinafungwa kutoka kingoni, na weusi haujarudi.

Intaneti safi inaonyesha pande zote mbili, hilo sikulifikiria wakati nabana waya kwenye ngazi. Jumapili iliyopita nilimsalimu mama shikamoo, akaitikia marahaba, akanyamaza, akasogeza simu karibu na macho. "Mwanangu, hicho kitanda mbona hakijatandikwa, na huko saa tisa?" Nikamwambia nimetoka zamu ya usiku. Akasema zamu imeisha asubuhi.